SOMO LA USHIRIKA: NENO "BONDI" NA MAANA ZAKE KATIKA KAZI ZA CHAMA

Liko neno moja la Kiingereza ambalo huingia katika ofisi za vyama vya msingi kwa milango mingi. Huja ndani ya barua ya benki, huja na makaratasi ya mkandarasi anayetaka kujenga ghala, hutoka mahakamani pamoja na mwanachama aliyeachiwa kwa muda, na siku hizi husikika hata redioni, wananchi wakihimizwa kuweka akiba zao. Neno hilo ni "bond", ambalo katika mazungumzo watu wamekwisha kulifanya "bondi".

Shida ya neno hili ni kwamba lina nyuso mbili. Katika mkutano wa chama, iwe Laela, Matai au Namanyere, mwenyekiti anaweza kusema, "Leo tunasaini bondi," na wanachama wawili waliokaa benchi moja wakaelewa mambo yanayopingana. Wa kwanza akadhani chama kinakwenda kupata riba kila mwaka. Wa pili akaogopa kuwa shamba lake linakwenda kuchukuliwa. Kwa kuwa neno lenyewe hubeba maana zote mbili, hakuna hata mmoja wao wa kuchekwa. Wa kuulizwa ni aliyeitisha saini bila kueleza.

Somo hili limekusudiwa kumsaidia katibu na mwanachama kutenganisha maana hizo, kulipa kila jambo jina lake la Kiswahili, na kujua nini cha kuuliza kabla ya kalamu kugusa karatasi.

1. ASILI YA NENO

Wanaochunguza historia ya Kiingereza hueleza kwamba ndani ya neno hili yamekutana maneno mawili ya kale. La kwanza ni ndugu wa neno lenye maana ya kufunga: kamba, ukanda, kitu chochote kishikanishacho vitu viwili. La pili lilitoka kwa watu wa kaskazini ya Ulaya, nalo lilimaanisha mkulima mwenye kaya yake. Lilikuwa jina la heshima. Lakini baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, wakulima wengi walijikuta wamefungwa katika ardhi ya mabwana, hawawezi kuhama wala kukataa kazi. Basi jina la mkulima huru likashuka polepole, likawa jina la mtwana. Baadaye maneno hayo mawili yakachanganyika, na watu wakasahau kwamba yalikuwa mawili.

Mkulima wa Ufipa atafanya vizuri kuikumbuka habari hiyo. Neno ambalo hapo kwanza lilimtaja mwenye kaya liliishia kumtaja asiye na uhuru.

Kiswahili nacho kina neno linalofanya kazi karibu sawa na hiyo, nalo ni kitenzi "funga". Watu hufunga mzigo, hufunga ndoa, hufunga mkataba, na mwisho wa msimu chama hufunga hesabu. Tazama neno "kifungo": kifungo cha shati humsitiri mtu, bali kifungo cha jela humtenga na wenzake. Neno ni hilo hilo, faida na hasara zimo humo humo. Kutoka mzizi huo yamepatikana maneno mawili yatakayotumika katika somo hili: fungamano, na hatifungani.

2. MAANA YA KWANZA: FUNGAMANO

Maana ya kwanza ya bondi ni ule uhusiano unaowashikanisha watu: ujamaa, ujirani, kazi moja, imani ya mtu kwa mwenzake. Katika vyama vya akiba na mikopo jambo hili huitwa fungamano la wanachama. Watu wa kijiji kimoja, au walimu wa wilaya moja, au wakulima wa zao moja, huwa na kitu kinachowaunganisha kabla hawajachanga hata shilingi.

Fungamano si pambo la katiba ya chama. Ndilo mtaji wa kwanza. Mwaka 1864, katika mji wa Heddesdorf nchini Ujerumani, Friedrich Wilhelm Raiffeisen alianzisha chama cha mikopo cha wakulima waliokuwa wakinyonywa na wakopeshaji. Mkulima mmoja mmoja hakuwa na mali ya kutosha kumridhisha mwenye fedha. Lakini majirani waliokubali kubeba deni pamoja, huku kila mmoja akimjua mwenzake, bidii yake na shamba lake, waliaminika. Ujirani ukawa dhamana. Vyama vya akiba na mikopo vya dunia nzima, pamoja na vya Tanzania, vina deni la mawazo kwa jaribio hilo.

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Katika ushirika, kufungana kwa watu hutangulia, na kufungwa kwa mkopo hufuata juu yake. Chama ambacho wanachama wake hawajuani, hawahudhurii mikutano wala hawasomewi hesabu, kikichukua mkopo wa pamoja hujenga ukuta bila msingi. Fungamano likilegea, kamba ya mkopo hukaza, nayo huwakaza kwanza wale waaminifu waliobaki.

3. MAANA YA PILI: DHAMANA

Maana ya pili ni ahadi ya kubeba mzigo wa mwingine endapo atashindwa. Kiswahili chake ni dhamana, na mwenye kuibeba huitwa mdhamini. Neno dhamana lenyewe ni pana. Mahakamani, mtuhumiwa hutoka kwa dhamana, na mdhamini husaini kwamba atahakikisha anarudi siku ya kesi. Serikalini husemwa "waziri mwenye dhamana", yaani mwenye kukabidhiwa jambo na kuulizwa juu yake. Benki, dhamana ni kile kitakachoshikwa mkopo usipolipwa. Katika zabuni, mkandarasi hutakiwa kuleta dhamana ya utekelezaji, ili akiacha ghala la chama bila paa, chama kiwe na mahali pa kudai. Na ni desturi ya zamani ya ushirika kumtaka mtumishi anayeshika fedha aweke dhamana kabla ya kukabidhiwa funguo za kasha.

Kwa mwanachama wa kawaida, jambo zito zaidi ni udhamini wa mkopo. Watu wengi husaini kwa heshima. Mtu huona haya kumkatalia shemeji au jirani, akaandika jina lake akidhani anashuhudia tu. Shahidi na mdhamini ni watu wawili tofauti. Shahidi huthibitisha kwamba aliona. Mdhamini huahidi kwamba atalipa.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, imeliweka jambo hili wazi. Wajibu wa mdhamini ni sawa na wajibu wa mkopaji, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Maana yake ni kwamba mkopeshaji anaweza kumfuata mdhamini bila kungoja kwanza mali ya mkopaji iuzwe. Lakini sheria hiyo humlinda mdhamini pia. Akilipa, hupata haki ya kumdai mkopaji, na huingia katika nafasi ya mkopeshaji juu ya mali iliyowekwa. Tena, mkopeshaji na mkopaji wakibadilisha masharti ya mkataba bila ridhaa ya mdhamini, mdhamini hufunguliwa kwa yale yatakayotokea baada ya mabadiliko hayo. Kwa hiyo mdhamini asikubali kuondoka bila nakala ya mkataba aliousaini.

Tuchukue mfano. Chama cha msingi chenye wanachama 60 kinakopa Sh. 30,000,000 kwa ajili ya mbegu na mbolea, kila mmoja akipata pembejeo za Sh. 500,000. Riba tuiweke kando ili hesabu iwe nyepesi. Baada ya mavuno, wanachama 50 wanalipa na 10 hawalipi.

Deni lililobaki: 10 x Sh. 500,000 = Sh. 5,000,000.
Likigawanywa kwa waliolipa: Sh. 5,000,000 ÷ 50 = Sh. 100,000 kila mmoja.

Mwanachama mwaminifu, aliyekwisha kulipa deni lake lote, sasa anatakiwa kuongeza Sh. 100,000. Na huo ndio upande ulio mwepesi. Ikiwa hati iliandikwa kwamba wanachama wanawajibika "kwa pamoja na kila mmoja peke yake", mkopeshaji ana haki ya kumdai mmoja wao Sh. 5,000,000 zote, kisha mtu huyo ndiye awatafute wenzake wamrudishie mafungu yao. Maneno hayo machache huwa katikati ya ukurasa, kwa herufi ndogo. Katibu anapaswa kuyatafuta, kuyasoma kwa sauti mkutanoni, na kuyaeleza kwa hesabu kama hiyo hapo juu.

Ndiyo maana sheria ya ushirika inataka chama kiwe na ukomo wa madeni. Mkutano mkuu huujadili na kuupitisha, na Mrajis wa Vyama vya Ushirika huuidhinisha. Bodi inayokopa kupita kiwango hicho inawafunga watu ambao hawakukubali kufungwa.

4. MAANA YA TATU: REHANI

Rehani ni mali yenyewe inayofungwa kwa ajili ya deni. Watu wengine huita poni. Itofautishwe na amana, ambayo ni mali iliyowekwa kwa mtu aitunze na kuirudisha, bila deni lolote kuwapo. Mkulima anayehifadhi magunia yake katika ghala la chama ameweka amana. Siku atakapokopa kwa magunia hayo, yamekuwa rehani, ingawa hayakuhama hata hatua moja.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria yake mwaka 2005, umelitenganisha jambo hili kwa namna nzuri ya kujifunzia. Stakabadhi ina sehemu mbili: cheti kimoja huonyesha nani mwenye mali, na cha pili huonyesha kama mali hiyo imewekwa rehani. Mali inaweza kubaki ya mkulima huku mkopeshaji akiishikilia kwa cheti cha pili. Mkulima asiyefahamu tofauti hiyo hushangaa anapoambiwa kwamba mahindi ni yake lakini hawezi kuyatoa.

Kuhusu ardhi, tahadhari ni kubwa zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliweka hati ya hakimiliki ya kimila, na wakulima wengine wameipeleka hati hiyo kwa wakopeshaji. Shamba likifungwa, familia nzima imefungwa. Kwa sababu hiyo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inadai ridhaa hiyo. Katibu anayepokea fomu yenye saini ya mume peke yake aulize: mama wa nyumba hiyo amekubali?

Wazee wa nchi iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, ambamo Ufipa imo, waliishi na rehani nzito kuliko zote. Katika karne ya 19, wakati wa vita na biashara ya utumwa, watu katika ukanda huo walitolewa kulipia deni au fidia, na waliotolewa mara nyingi walikuwa wanawake na watoto. Ahadi ilikuwa kwamba deni likilipwa mtu atarudi kwao. Wengi hawakurudi, kwa kuwa aliyekuwa na uwezo wa kufungua hakuona haja ya kufungua. Mambo hayo yamepita, lakini fundisho lake ni hai: rehani isiyo na siku ya kufunguliwa ni mauzo yaliyovikwa jina jingine.

Hata siku hizi kuna rehani zisizoandikwa. Kagera wanaijua butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa ili kupata fedha za haraka. Katika nchi ya mahindi na maharage, mambo ya namna hiyo hutokea miezi ya njaa, Januari na Februari, mahindi yakiwa bado mabichi. Mwenye shida hupokea fedha za gunia moja, akaahidi magunia mawili au matatu ya mavuno. Hakuna karatasi, hakuna shahidi, wala riba haikutajwa. Lakini kama gunia moja la Februari linalipwa kwa magunia mawili ya Juni, riba ni gunia zima kwa miezi minne. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Chama chenye akiba ya kuwakopesha wanachama katika miezi hiyo huwafungua watu wake kuliko hotuba yoyote.

5. MAANA YA NNE: HATIFUNGANI

Sasa neno linageuka uso. Katika maana zilizotangulia mkulima ndiye anayefungwa. Katika hatifungani, yeye ndiye mkopeshaji, na anayefungwa ni yule aliyeitoa hati: Serikali, benki, shirika au mamlaka ya umma.

Hatifungani ni hati ya deni. Mwenye fedha hukopesha kwa muda uliotajwa. Mkopaji huahidi kulipa riba kwa nyakati zilizopangwa, na muda ukiisha hurudisha fedha zote za awali. Hatifungani za Serikali huuzwa kwa mnada kupitia Benki Kuu ya Tanzania, na ziko za miaka michache hadi miaka 25. Riba yake hulipwa kila baada ya miezi sita. Benki ya NMB ilitoa hatifungani yake iliyoitwa Jasiri mwaka 2022 kwa ajili ya mikopo ya biashara za wanawake. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya miaka 10 ili kupanua huduma ya maji.

Hesabu yake ni hii. Chama kikinunua hatifungani ya Sh. 5,000,000 ya miaka 10, yenye riba ya asilimia 12 kwa mwaka:

Riba ya mwaka: Sh. 5,000,000 x 12 ÷ 100 = Sh. 600,000.
Riba ya kila miezi sita: Sh. 300,000.
Mwisho wa mwaka wa 10: chama kinarudishiwa Sh. 5,000,000.

Wafipa tangu kale hufukia majani katika matuta ya ntumba, yakaoza na kuistawisha ardhi kwa msimu unaofuata. Hatifungani ina tabia hiyo: kilichofukiwa leo hakiliwi leo. Chama kinachohitaji fedha za kununulia mazao mwezi Juni kisizifukie mahali ambapo zitaiva baada ya miaka 10. Ni kweli kwamba hati inaweza kuuzwa kabla ya muda wake, lakini itauzwa kwa bei ya soko la siku hiyo, na bei hiyo yaweza kuwa pungufu ya ile iliyolipwa. Tena, bei za bidhaa zikipanda upesi, fedha zitakazorudi zitanunua vitu vichache kuliko zilipotoka. Usalama wa hati hutegemea uwezo wa aliyeitoa.

Hatifungani isichanganywe na hisa. Mwenye hisa ni mwenye mali: hupata gawio faida ikiwapo, na hukosa isipokuwapo. Mwenye hatifungani ni mdai: hulipwa kama ilivyoandikwa, lakini si mwenye shirika.

6. KATIKA KUMBUKUMBU ZA CHAMA

Kutokana na hayo, katibu anashauriwa asiandike "bondi" peke yake katika kumbukumbu za mkutano. Herufi moja ikikosekana, bondi hugeuka bodi, na mkaguzi atakayekuja baada ya miaka mitatu hataweza kujua kilichoamuliwa. Aandike "dhamana" ikiwa chama kinambebea mwingine mzigo, "rehani" ikiwa mali imefungwa, "hatifungani" ikiwa chama kimekopesha kwa hati, na "fungamano" anapotaja kinachowaunganisha wanachama.

Kabla ya saini yoyote, mkutano ujibu maswali manne, na majibu yake yaandikwe:

(a) Nani anafungwa: chama, bodi, au mwanachama mmoja mmoja?
(b) Amefungwa kwa kitu gani: mazao, shamba, nyumba, au ahadi tupu?
(c) Amefungwa mpaka lini?
(d) Nani mwenye kufungua, na atatoa hati gani kuthibitisha kwamba amefungua?

Swali la nne husahauliwa kuliko yote. Vyama hushangilia siku deni linapokwisha, wakaacha hati ya shamba katika kabati la mkopeshaji. Deni lililolipwa bila barua ya kulimaliza, na bila hati kurudishwa mkononi mwa mwenyewe, bado lina mdomo. Dawa ya deni ni kulipa, na dawa ya rehani ni kuikomboa kwa maandishi.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Eleza tofauti kati ya shahidi na mdhamini. Je, wanachama wa chama chenu wanaijua?
2. Tafuteni mkataba wa mwisho wa mkopo wa chama. Maneno "kwa pamoja na kila mmoja peke yake" yamo? Yanamfunga nani?
3. Ukomo wa madeni wa chama chenu ni kiasi gani, na ulipitishwa na mkutano mkuu wa mwaka gani?
4. Chama kina Sh. 4,000,000 ambazo hazitahitajika kwa miaka miwili. Kununua hatifungani ya miaka 10 kuna faida gani na hatari gani?
5. Ni hati ngapi za wanachama ambazo ziko kwa wakopeshaji ingawa deni limekwisha kulipwa? Nani atakwenda kuzichukua, na lini?